Vyeti vya sola Maryland: usisaini bado

Dada yangu, umeuliza kama vile vyeti anavyovitaka muuzaji wa paneli hapo Maryland, Marekani, vina maana yoyote. Vinayo, tena ni pesa. Sheria ya jimbo inawataka wauzaji wa umeme wafikie asilimia 50 ya nishati jadidifu ifikapo 2030, na sehemu yake lazima itokane na jua. Ushahidi wao ni vyeti: kila uniti 1,000 zinazozalishwa juu ya paa lako ni cheti kimoja, nao hukinunua. Ukikodi paneli, kwa kawaida vyeti huenda kwa mwenye paneli. Ukizinunua ni vyako, isipokuwa mkataba useme vingine. Nakuomba sana, kisome kipengele hicho kabla ya kusaini. Bei ya vyeti hupanda na kushuka, kwa hiyo usiitegemee kulipia mkopo.