Usilipe hizo pesa, visa ya biashara haifundishi

Mleta uzi, umeandika kwamba ajenti wa pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, amekupatia kazi ya kufundisha Kiingereza kwenye chekechea huko Uchina, yuan 12,000 kwa mwezi na nyumba juu, kwamba utaingia na visa ya biashara halafu shule "itakubadilishia ukishafika", na kwamba unamlipa Jumamosi. Kisha ukauliza ubebe nguo gani, kama cheti cha TEFL cha mtandaoni, kile cha kufundisha wageni Kiingereza, kinatosha, na kama mshahara huo unaweza kumlea mtoto utakayemwacha mtaani Umoja.

Niliposoma hayo maneno, itakubadilishia ukishafika, niliweka simu chini kwanza. Ni yale yale niliyoambiwa mimi mwaka 2018. Usilipe.

Najua kinachokusukuma. Nilikuwa mwalimu wa BOM, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule, kwenye sekondari moja ya Kayole, nafundisha Kiingereza na fasihi kwa shilingi elfu 12 kwa mwezi, mwaka wa nne nikingoja kuajiriwa na TSC, tume ya walimu ya serikali. Ajenti alitaka shilingi 180,000. Mama aliuza ng'ombe wa maziwa, zilizobaki nikakopa sacco, dada yangu akaniwekea dhamana. Ajenti alininunulia soda akanionyesha picha za Wakenya wamezungukwa na watoto wa Kichina, kila mtu meno nje. Wiki yangu ya kwanza kule nilipigwa picha kama hizo, na hadi leo nina hakika kuna msichana alionyeshwa yangu akatoa pesa.

Nilishuka Guangzhou, nikapanda treni ya kasi hadi Zhengzhou, mkoa wa Henan. Kazi yenyewe sitaitukana, niliipenda. Watoto wa miaka mitatu hadi sita, ishirini na tano kwa darasa, nyimbo, kadi za picha, kuruka, kupiga makofi, nusu saa imeisha unakimbilia darasa lingine. Kuna kijana mdogo ambaye mwezi mzima hakutoa sauti. Siku moja akanivuta sketi, akanionyesha dirishani, akasema kwa Kiingereza, "Ndege, mwalimu." Siku hiyo nilitembea hadi nyumbani bila kuhisi baridi.

Lakini tangu siku ya kwanza mkuu wa shule aliniambia wazazi wakiuliza niseme natoka Afrika Kusini. Nilisema hivyo mara moja tu, kwa baba mmoja ambaye kumbe aliwahi kufanya kazi Durban. Akanisalimia kwa Kizulu. Nilibaki nimeshika mkono wa mtoto wake, sina neno la kumrudishia. Yeye alielewa kabla yangu.

Kwa nini Afrika Kusini? Hapa ndipo ajenti wako anapokuficha, kwa hivyo soma polepole. Masharti ya Uchina yanataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kuzaliwa, na kwa Kiingereza wanaokubaliwa kwa kawaida ni watu wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Kenya haimo. Haijalishi kwamba tumesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, wala kwamba unakifundisha vizuri kuliko kijana wa Ohio kule Marekani. Wapo Wakenya waliopewa kibali, mara nyingi walisomea shahada katika mojawapo ya nchi hizo, au wana shahada ya ualimu, uzoefu, na mwajiri aliyekubali kuwapigania. Wengine wote wanaambiwa "ingia na M kwanza". Mimi niliamini kibali changu kimechelewa. Hakikuchelewa. Hakuna mtu aliyekuwa amekiomba, kwa sababu walijua kitakataliwa.

M ni visa ya biashara. Ni ya mtu anayeenda Guangzhou kununua viatu na taa aje auze kwenye masoko ya Gikomba au Eastleigh. Ukishika chaki nayo, unafanya kazi kinyume cha sheria, hata kama una mkataba wenye mhuri mwekundu, hata kama mkuu wa shule anakuita binti yangu.

Desemba walikuja wakaguzi. Mwalimu msaidizi alinishika mkono akanisukuma kwenye stoo ya magodoro, yale watoto wanayolalia mchana, akafunga mlango kwa nje. Nilikaa humo saa mbili nikisikiliza watoto wangu wakiimba wimbo niliowafundisha mimi. Jioni ile ningefungasha. Hilo ndilo kosa langu kubwa, kuliko hata kumlipa ajenti, kwa sababu kwa ajenti nilidanganywa na pale stoo nilikuwa nimeshaujua ukweli. Mkuu alisema kibali kiko karibu, anahitaji tu pasipoti yangu akaishughulikie. Nikampa. Miezi mitatu pasipoti yangu ililala kwenye droo yake, na siku za kukaa zilizoandikwa kwenye ile visa zikaisha nikiwa naimba na watoto.

Machi 2019, saa nne asubuhi, polisi wakaingia darasani katikati ya wimbo. Hakukuwa na wakati wa stoo. Afisa mmoja, kijana mpole, alingoja wimbo uishe ndipo akaniomba pasipoti. Nikasema iko kwa mkuu. Ikaletwa. Akaiangalia, akaniangalia, akafunga daftari lake.

Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu Julai 2013, inasema mgeni anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15 juu ya faini hiyo. Mimi nilipigwa 10,000, na wakati huo yuan moja ilikuwa kama shilingi 15, hesabu mwenyewe. Nikakaa ndani siku saba. Mwajiri naye hutozwa 10,000 kwa kila mtu, na unajua shule ilifanya nini? Ilisema faini yake imekatwa kwenye mishahara yangu ya miezi miwili. Nikamuuliza aliyekuwa akinitafsiria nitashtaki wapi. Akaniambia, "Utaenda kusema ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikanyamaza. Tiketi ya kurudi ilitoka kwa chama cha akiba cha mama. Na aliyerudishwa kwao kwa njia hiyo hufungiwa mlango kwa mwaka 1 hadi 5, kwa hivyo hata ile njia halali nilikuwa nimejizibia.

Nilipofika Nairobi nilipitia ofisi ya ajenti hata kabla ya kwenda nyumbani, na begi mkononi. Ofisi ilikuwa imeshageuka duka la kava za simu. Nilimpata kwa simu wiki mbili baadaye. Aliniambia hivi: "Si ulifika Uchina? Kazi yangu ilikuwa kukufikisha." Alijua. Alijua tangu ile soda. Alimwangalia mama yangu machoni, akahesabu pesa za ng'ombe wake noti kwa noti, huku akijua. Sijamsamehe na sioni sababu ya kuharakisha.

Kwa hivyo kanuni yangu ni moja, nami nitairudia hata mkichoka: usipande ndege kwenda kufundisha Uchina bila visa ya Z, ile ya kazi, iliyobandikwa kwenye pasipoti yako hapa hapa Nairobi. Mwajiri ndiye anayeanza. Anaomba kule kwao, anatumiwa barua ya taarifa ya kibali cha kazi, anakutumia wewe, unaipeleka ubalozi wa Uchina ukiomba Z. Ili aipate barua hiyo lazima awe amekuomba shahada yako na cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, vyote vikiwa vimethibitishwa na Wizara yetu ya Mambo ya Nje na huo ubalozi. Kama hakuna aliyekuomba hivyo, hakuna anayekuombea kibali. Visa ikitoka, angalia mahali pa siku za kukaa: kwenye Z utakuta 000, kwa sababu ukifika una siku 30 za kuchukua kibali cha ukaazi. Ukiona 030 au 060 na herufi M, hiyo ni visa ya kununua viatu. Na ukishaingia na M usitegemee kubadilishiwa ukiwa ndani, kawaida inabidi utoke uanze upya.

Huyo ajenti mtafute pia kwenye orodha ya mashirika yaliyosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ni dakika tano kwenye simu. Mimi sikuzitumia.

Kuna watakaosema nina gere, kwamba binamu yao yuko Shenzhen mwaka wa tatu na M na anatuma pesa kila mwezi. Namwombea. Hata mimi nilikuwa natuma pesa kila mwezi, hadi Machi.

TEFL inasaidia lakini haikugeuzi kuwa wa nchi saba. Nguo, beba koti zito, Januari ya Henan si Julai ya Limuru.

Kesho nenda kwa huyo ajenti, usibebe pesa hata ya nauli ya ziada, mwambie akuonyeshe barua ya taarifa ya kibali cha kazi yenye jina lako na nambari ya pasipoti yako. Usimuulize kitu kingine. Kisha rudi hapa utuandikie alichojibu, neno kwa neno, kabla ya Jumamosi.