Programu Ikianguka na S0C7, Hakiki Kwanza Orodha ya Kompaila

Saa nane usiku kazi ya malipo, programu ya COBOL, iliangukia S0C7 (kosa la data isiyo namba halali) kwenye meinfremu, na zamu ilikuwa yangu. Nikafungua dampu (nakala ya kumbukumbu wakati programu inaanguka), nikapiga hesabu ya kutafuta sentensi iliyokosea, nikafika kwenye MOVE, sentensi ya kunakili data, ya herufi kwenda herufi. MOVE ya namna hiyo haileti S0C7. Nilirudia hesabu mara tatu ndipo nikagundua kwamba haikuwa na kosa. Orodha ya kompaila niliyoishika, ile inayoonyesha kila sentensi ya programu na mahali amri zake zinapoanzia, ilikuwa ya toleo la baadaye, mtu akiwa ameshaongeza mistari michache.

Ndiyo maana nakusihi: linganisha kwanza tarehe na saa iliyo juu ya orodha na ile iliyohifadhiwa ndani ya moduli, yaani programu iliyokompailiwa inayoendeshwa. Zikipishana hata dakika moja, tafuta orodha nyingine.

Baada ya hapo ni kutoa tu, kwa heksadesimali. Tuseme neno la pili la PSW, rekodi ya prosesa inayoonyesha anwani ya amri iliyofikiwa, ni 9F201A4E. Biti ya kwanza inaonyesha kwamba programu inatumia anwani za biti 31. Iondoe, upate 1F201A4E. Moduli ilipakiwa 1F200000, kwa hiyo inabaki 1A4E. Kwenye S0C7, PSW huwa imeshaivuka amri iliyokosea. Toa urefu wa amri hiyo, yaani ILC, ambayo hapa ni 6: 1A48. Ramani ya binder (chombo kinachounganisha vipande vya moduli) inaonyesha CSECT yako, yaani kipande cha programu yako, inaanzia 1200. Toa tena: 848. Kwenye orodha iliyotolewa kwa chaguo la OFFSET, ADD ya mstari wa 412 inaanzia 83E na sentensi inayofuata 852. Umeshaipata. (S0C4 ya ukurasa wa kumbukumbu usiopatikana ni tofauti: PSW hubaki kwenye amri yenyewe, usitoe ILC.) Kama programu ilikompailiwa na OPTIMIZE, tazama pia sentensi za jirani, kwa kuwa amri huhamishwa.

Usiku ule, nilipopata orodha sahihi, ADD ilikuwa inajumlisha sehemu ya COMP-3 (namba iliyofungashwa, tarakimu mbili kwa baiti, alama ya chanya au hasi mwishoni) ya baiti tano. Ndani yake dampu ilionyesha 4040404040. Hizo ni nafasi tupu za EBCDIC, msimbo wa herufi wa meinfremu: mwishoni, palipotakiwa alama kama C, D au F, palikuwa na 0. Nikapanda hadi mstari wa 388. MOVE SPACES ilikuwa imefuta rekodi nzima, na hakuna sentensi iliyoirudishia sehemu ile sifuri.