Kabla ya kushika koleo, muulize kambo (bibi au babu) dawa yake ya mifupa

Ninyi mnaoanza staji kwenye kabine za meno hapa Lubumbashi mtazoea koleo na sindano ya ganzi mapema kuliko mnavyodhani. Kinachochelewa kuingia ni namna ya kuuliza. Na swali linaloulizwa vibaya kuliko yote ni hili: je, mgonjwa anatumia, au aliwahi kutumia, dawa ya kutibu osteoporosi, yaani mifupa iliyodhoofika?

Ukimwambia "Mama, unakunywa dawa gani?", atakutajia ya presha, labda na ya sukari, basi. Hakudanganyi. Kwake dawa ni ile ya asubuhi na jioni. Sasa katika dawa hizi za mifupa, alendronati ya miligramu 70 hunywewa mara moja kwa juma, denosumabu ni sindano ya kila miezi sita, na zoledronati ya osteoporosi ni serumu, yaani dripu ya mshipani, ya mara moja kwa mwaka. Nani atakumbuka serumu ya mwaka jana wakati jino linampasua kichwa? Tena mara nyingi dawa yenyewe haikuandikwa hapa. Imekuja ndani ya valizi ya mtoto anayeishi Brussels, au mgonjwa alianzishiwa Afrika Kusini alipokwenda kutibiwa nyonga. Akikwambia "nakunywa ya mifupa", usiandike ukaendelea: inaweza kuwa kalsiamu, inaweza kuwa diklofenaki ya mgongo.

Mimi huuliza hivi: "Kambo, kuna kidonge unachokunywa siku moja tu kwa juma, tumbo tupu, na glasi nzima ya maji, halafu wanakukataza kulala nusu saa?" Masharti hayo yapo ili kidonge kisichome umio, na anayekinywa huwa hayasahau hata kama jina la dawa limempotea. Halafu: "Kuna sindano wanakudunga kila baada ya miezi? Uliwahi kuanguka kidogo tu ukavunjika?" Mwombe anayemsindikiza atume picha ya boksi kwa WhatsApp. Na akisema aliacha zamani, andika vilevile, kwa sababu alendronati na wenzake hukaa ndani ya mfupa miaka mingi. Denosumabu haikai hivyo.

Kwa nini tunajisumbua? Dawa hizi huzuia seli zinazokula mfupa wa zamani. Uti wa mgongo unafaidika, lakini taya lililong'olewa jino linahitaji seli hizohizo ili lijikarabati, huku bakteria wa kinywa wakiwa mlangoni. Mara chache shimo halifungi na mfupa unabaki wazi. Ukikaa wazi zaidi ya wiki 8, kwa mtu ambaye taya lake halikuwahi kupigwa mionzi na halina saratani, hiyo ndiyo osteonekrosi ya taya itokanayo na dawa. Robert Marx, mpasuaji wa Miami, alitoa tahadhari mwaka 2003. Karne ya 19 wafanyakazi wa viwanda vya viberiti Ulaya walioza mataya namna inayofanana, kwa sababu ya fosforasi nyeupe.

Hapa stajiere wengi hutishika, wanaanza kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Hilo nalikataa kabisa. Kwa mtu wa osteoporosi hatari ni ndogo: baada ya kung'oa, makadirio mengi yako chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Jino lenye usaha likiachwa ndani, lenyewe linaweza kuanzisha tatizo mlilokuwa mnalikimbia. Wa kuogopa zaidi ni mgonjwa wa saratani anayedungwa dawa hizi kila mwezi kwa dozi kubwa. Huyo ni wa mpasuaji wa kinywa na taya, si wa kwenu. Muwe waangalifu pia na aliyetumia kidonge zaidi ya miaka 5, na anayekunywa kortizoni. Hiyo kortizoni ulizeni kwa upole, maana wengi hujinunulia deksametazoni, ambayo ni ya jamii hiyohiyo, farmasi bila ordonansi kwa ajili ya viungo.

Wala msimwambie mgonjwa aache dawa yake. Kuacha kidonge wiki mbili hakubadilishi kitu, kwa kuwa dawa iko mfupani tayari. Kuchelewesha denosumabu ni hatari ya kweli: kinga ya mifupa hushuka haraka na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Kama jino linaweza kusubiri, panga ling'olewe miezi mitatu au minne baada ya sindano, kidonda kipone kabla ya ile inayofuata. Kama kuna jipu, usisubiri. Zungumza na daktari aliyeandika dawa, hata kama yuko nje ya nchi.

Kwanza jiulize kama jino linaweza kuokolewa kwa kutibu mzizi. Likilazimika kutoka, safisha kinywa kabla, gawanya mizizi badala ya kulazimisha, lainisha ncha kali za mfupa, shona ikiwezekana, na usifungue pande zote za kinywa siku moja. Kuhusu antibiotiki za kuzuia tu, miongozo haikubaliani. Ule wa Scotland unasema zisitolewe kwa sababu hiyo peke yake. Fuata shefu wako.

Meno ya bandia yanayokwaruza ufizi huanzisha vidonda hivyohivyo bila jino kung'olewa, kwa hiyo mwambie ayatoe uyatazame.

Halafu kuna wiki ya 8 baada ya kung'oa. Mtu wa mtaa wa Katuba ambaye haumwi hatapanda basi kuja kukuonyesha shimo lililopona, na aliyeanza kuoza mfupa anaweza asiumwe pia. Andika kwenye fishi namba ya binti yake au mjukuu, umpigie wewe. Uliza kama kuna harufu, usaha, mdomo wa chini kufa ganzi, au kitu kigumu ambacho ulimi unakigusa. Akijibu ndiyo kwa kimojawapo, aje kesho yake, na usikwangue mfupa huo kabla shefu hajauona.