Kabla Hujavusha Mpaka Unga wa Uji wa Watoto

Msomaji mmoja wa Mbale, Uganda, ameniandikia akiomba njia ya mkato ya kuuza Kenya unga wake wa uji wa watoto. Najua wengi wenu mna ndoto hiyo hiyo, kwa hiyo namjibu hadharani: njia ya mkato haipo, nami ninayesema hivyo nimekwisha kufika huko.

Machi 2021, Kenya iliposimamisha kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka), mnunuzi aliyezoea kuniita dada aliurudisha mzigo wangu wa unga pale mpakani Busia bila kuufungua, akisema mahindi ya Uganda yanajulikana. Maneno hayo yananichoma hadi leo, kwa kuwa unga ule ulikuwa wangu, si wa nchi nzima. Kenya ilipofungua tena ilidai hati ya kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 katika kila kilogramu. Miezi ya kuhangaikia makaratasi nairuka, haina utamu. Siku hizi mnunuzi yule hupiga simu, nami napokea nikipenda.

Hiyo 10 ndiyo kikomo cha Afrika Mashariki kwa mahindi, na kwa aina ya B1, iliyo kali zaidi, kikomo ni 5. Umoja wa Ulaya, kwa chakula cha watoto wachanga, unakomea 0.1 ya B1. Basi wewe usilenge 10, kwa maana mtoto mwenye uzito mdogo hunywa uji ule ule kila siku, na kuuchemsha hakuondoi sumu hiyo.

Sumukuvu haienei sawasawa: punje chache zilizoota ukungu huweza kuharibu gunia, na la jirani likawa safi. Ndiyo maana bambo langu huchoma kila gunia juu, katikati na chini, punje huchanganywa katika beseni moja na kusagwa zote, kisha sampuli hupelekwa kwenye maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, ambayo hati zake huaminiwa hata ng'ambo. Muuzaji anayekuchagulia gunia la kupima, mkimbie.

Wapo wanaodai kwamba viwango vya kimataifa ni mambo ya Wazungu. Je, wamesahau Karamoja, kule kaskazini-mashariki mwa Uganda? Mwaka 2019, unga wa lishe uliogawiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulikutwa na alkaloidi za tropani, sumu iliyomo katika mbegu za magugu kama mnanaha. Mamia waliugua na watu 5 wakafariki. Maabara za nje zilisaidia kuitambua, na mwaka uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) yakawakutanisha wataalamu kutathmini hatari yake. Utafiti wa dunia ulichochewa na vikombe vya uji vya kwetu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kulalamika kwamba viwango vinaletwa tu. Tume ya Codex, inayoweka viwango vya kimataifa vya chakula na iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963, hupitisha kiwango kwa hatua 8, na maoni huombwa katika hatua ya 3 na ya 6. Mlango wetu ni Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, ambalo pia hutoa rasimu za viwango vya Afrika Mashariki ili umma uzijadili. Soma rasimu, pima mahindi yako, kisha andika. Mimi nimeandika kuhusu wingi wa sampuli unaodaiwa kwa karakana ndogo, kwa sababu gharama ya kupima mzigo wa magunia ishirini haipaswi kulingana na ya mzigo wa lori zima.