Kwa mwanachama mpya: pima maji kabla ya kuchonga kibao

Ndugu mwanachama mpya, katika stoo ya klabu yetu hapa Arusha, nyuma ya viti vya plastiki tunavyovitumia kwenye kambi za macho, kuna kibao cha marumaru kilichochongwa jina la klabu, jina la mgeni rasmi na tarehe ya uzinduzi wa kisima. Uzinduzi huo haukufanyika. Nilikuwa katibu wakati huo, na ni mimi niliyempelekea fundi maneno ya kuchonga, kwa hiyo haya ninayokuandikia sikuyapata darasani.

Kisima chenyewe tulikichimba upande wa mashariki wa Mlima Meru, katika kijiji ambacho wanawake walikuwa wakitembea karibu saa nzima na ndoo kichwani. Shida ilikuwa ya kweli, fedha tulizichanga kwa taabu, na maji yalipopatikana yalikuwa mengi, ya baridi na maangavu. Siku ya kujaribu pampu tulimkaribisha bibi mmoja ayaonje wa kwanza. Alikinga kikombe, akakitazama, akakiweka chini bila kunywa, kisha akauliza, huku amejiziba mdomo kwa ncha ya khanga, "Wanangu, mmeyapima?" Mwenzetu mmoja akamjibu kwa kujiamini kwamba maji ya kisima kirefu hayana vijidudu. Bibi akaiondoa khanga, akatabasamu kwa makusudi ili tuyaone meno yake, ya kahawia na yaliyolika kingo. "Sikuuliza vijidudu," akasema.

Mtu aliyekulia Usa River, Maji ya Chai au Ngarenanyuki hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo, lakini wewe uliyehamia kutoka mikoa mingine huenda ukahitaji. Miamba ya volkano ya Meru huachia madini ya floraidi katika maji yanayopita humo. Shirika la Afya Duniani linashauri kiasi kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya Arumeru vinazidi kiwango hicho mara kadhaa. Floraidi ikizidi huharibu meno ya mtoto yangali yanajijenga ndani ya ufizi, na ikizidi sana kwa miaka mingi huumiza viungo na kupinda mifupa. Haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapopungua sufuriani, madini yanabaki. Hata magadi tunayotia kwenye makande ili yaive upesi yanaweza kuiongeza. Majibu ya maabara yalitoka wiki mbili baada ya siku ile ya pampu, na kiwango kilikuwa mara nne ya kinachoshauriwa. Vibali vya kuchimba tulikuwa navyo. Kosa lilikuwa letu wenyewe: tuliagiza pampu, tangi na kibao kabla ya kusubiri karatasi moja.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu karibu kila kosa la klabu ya kujitolea linafanana nalo. Tunafika na jibu mkononi kabla hatujasikia swali, na kwa kuwa tunatoa bure, watu wanaona haya kutukatalia. Kwa hiyo ziara ya kwanza kijijini isiwe ya kutangaza mradi. Nenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, uliza RUWASA ya wilaya, yaani wakala wa maji vijijini, wana mpango gani kwa eneo hilo, uliza Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani taratibu za kibali, kisha, na hili ndilo wengi hulisahau, kaa na wanawake wanaochota maji. Sikiliza hata yale yanayoonekana kuwa nje ya mada. Bibi yule alikuwa ameishi na jibu letu la maabara kinywani mwake kwa miaka sabini.

Baada ya aibu ile hatukukitelekeza kisima. Kamati ya kijiji iliamua maji yake yatumike kwa mifugo, kufulia na kufyatulia matofali, na bomba lake likapakwa rangi nyekundu ili watoto walitambue. Kwa maji ya kunywa tuligeukia paa la shule. Hesabu yake ni rahisi na nakushauri uikariri: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji, kwa hiyo darasa lenye paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linaweza kukinga takriban lita 1,000, ukitoa kiasi kinachopotea na maji ya mwanzo yanayopaswa kumwagwa kwa sababu yanaoshea bati vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa.

Kwa miezi ya kiangazi, matangi yanapokauka, shule ile hutumia vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, njia ambayo imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto. Mkaa huo wa mifupa hunasa floraidi, lakini hufika siku ukashiba, na tangu hapo kichujio kinapitisha maji kama yalivyoingia bila kumwonyesha mtu dalili yoyote. Nani atabadilisha mkaa mwaka wa tatu, atalipwa na nani, na sampuli zitapelekwa maabara mara ngapi? Pendekezo la mradi lisilojibu maswali hayo kamati yetu hulirudisha, hata likiletwa na rais wa klabu mwenyewe. Lilishamtokea mmoja, na alikasirika.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ada zetu, chai ya vikao na karatasi za ofisi hulipwa kutoka akaunti ya uendeshaji. Michango ya wananchi huingia akaunti ya huduma na haitoki humo hata kwa mkopo wa siku mbili. Ukipewa shilingi elfu kumi barabarani, andika risiti ya elfu kumi.

Huduma nje ya mkoa ina mtihani wake. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoikumba Katesh, tulijaza gari ndani ya siku mbili na kuendesha zaidi ya kilomita 200. Nia ilikuwa njema, lakini nusu ya mzigo ilikuwa nguo zilizochangwa bila kuchambuliwa, zikiwemo koti la suti lisilo na suruali na mfuko mzima wa viatu vya visigino virefu. Dada mmoja aliyekuwa akipokea vitu alikishika kiatu kimoja, akaitazama ile tope, akakirudisha mfukoni bila neno. Walichokuwa wakiuliza ni sufuria, magodoro, taulo za kike na doti za khanga. Siku hizi hatupakii chochote kabla ya kuzungumza na kamati ya maafa ya mahali husika, na mara nyingi jibu linalorudi ni kwamba fedha zingefaa zaidi, kwani zinanunua vitu vile vile madukani kwao.

Utasikia pia kuwa klabu ndogo kama yetu haiwezi kugusa dunia. Mitandao mikubwa ya klabu ilianza midogo. Rotary ilianzishwa Chicago tarehe 23 Februari 1905 na wakili Paul Harris na wenzake watatu, na mradi wao wa kwanza wa umma, mwaka 1907, ulikuwa kusaidia mji upate choo cha umma. Sijaona klabu ya hapa ikigombea kupiga picha mbele ya choo, ingawa ziko shule ambazo zingekipokea kwa furaha kuliko madawati. Mwaka 1985 mtandao huo ulijifunga kuchangia chanjo ya polio duniani kote, na mwaka 1988, wakati ugonjwa ulipokuwa ukipoozesha takriban watoto 350,000 kwa mwaka, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na washirika wengine wakaanzisha nao mpango wa pamoja. Agosti 2020 kanda ya Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Malawi ilipotangaza mgonjwa mmoja Februari 2022, nchi yetu nayo ilirudi kuchanja watoto wa chini ya miaka mitano nyumba kwa nyumba. Baadhi yetu tulifuatana na wahudumu wa afya, kazi yetu ikiwa kubeba kisanduku cha baridi, kupiga hodi na kupaka wino kwenye kidole cha mtoto aliyekwisha kupata matone. Hakuna aliyetuuliza tunatoka klabu gani, nami sikumbuki kama tulijitambulisha.

Wenzetu wa Upareni na Kilimanjaro wana msaragambo, ambako kila kaya hutoa mtu na jembe kwenda kuzibua mfereji, na asiyefika hulipa faini. Klabu yetu haitozi faini, lakini huweka daftari la mahudhurio ya kazi za nje, na katika miezi sita ya kwanza ndilo tutakalolisoma kabla ya kukuweka kwenye kamati yoyote. Kazi yako ya kwanza ni Jumamosi ya kwanza ya Machi, kabla masika hayajaanza, pale shuleni kwenye matangi: kusafisha mifereji ya bati, kuosha chujio za mdomo wa tangi na kuchukua sampuli mbili, moja ya tangi na moja ya kichujio. Tunaondoka saa moja asubuhi. Njoo na glovu; ngazi tunayo.