Maswali yenu kuhusu better

Swali: Mwalimu, tall huwa taller, short huwa shorter. Kwa nini good isiwe gooder? Mwanangu wa darasa la nne kaniuliza, nikabaki kukodoa macho.

Jibu: Mwanao ana hoja. Good na better si ndugu wa damu, ni mke na mume: maneno ya asili mbili yaliyounganishwa. Tena ndoa yao ni kongwe kuliko Kiingereza chenyewe, maana Wajerumani nao wana gut na besser, Waholanzi goed na beter. Katika Kiingereza cha kale tunaikuta god (ndiyo good) ikienda na betera. Ndugu wa damu wa better ni boot. Si kiatu, ni ile ya to boot, yaani "na zaidi ya hayo". Zamani boot hiyo ilikuwa na maana ya faida au nafuu.

Swali: Ofisini kwetu kila mtu husema more better. Ni kosa?

Jibu: Kwenye mtihani na barua ya kazi, ndiyo. "Zaidi" imo tayari ndani ya better. Ukitaka kukoleza, sema much better au far better. Sisi tumezoea "bora zaidi", basi ulimi hutafuta pa kuiweka hiyo "zaidi". Ila usiwacheke sana wenzako: Shakespeare aliandika more better katika tamthilia yake The Tempest. Wanasarufi wa karne ya 18 ndio waliokuja juu. Na anayesema "afadhali zaidi" anafanya yale yale, kwani afdal ya Kiarabu, ilikotoka afadhali, ni "bora zaidi" tayari.

Swali: Nilimwandikia bosi: You had better sign this today. Amenuna tangu hapo. Nilidhani ni adabu.

Jibu: Lo! Umemtisha. Had better hubeba onyo: usipofanya, utayaona. Mama humwambia mtoto, daktari humwambia mgonjwa mkaidi. Bosi mwandikie Could you please sign this today? Halafu, had hapo haihusu wakati uliopita. Waingereza wa zamani walisema me were better, "ingekuwa bora kwangu", kisha had ikachukua nafasi ya were.

Swali: Kati ya wawili, ni better au best?

Jibu: Better. Best ngoja wafike watatu. Japo Waingereza wenyewe husema put your best foot forward, utadhani wana miguu mitatu.