Wales waliwahi kuwapiga Wanormani uwanjani?

Mkuu, umeuliza kama watu wa Wales waliwahi kuwashinda Wanormani (wale watu wa Normandy, Ufaransa, walioiteka Uingereza mwaka 1066) uso kwa uso au walikuwa wanavizia tu msituni. Waliwashinda bwana, tena vibaya, soma vita ya Crug Mawr, Oktoba 1136, karibu na mji wa Cardigan, magharibi mwa Wales. Mfalme Henry I wa Uingereza alikuwa kafariki Desemba 1135, Waingereza wakaanza kugombania kiti, Wales wakaona ndo muda wenyewe huu.

Mapema 1136 Gwenllian, mke wa Gruffydd ap Rhys, mtawala wa Wales ya kusini, aliongoza jeshi mwenyewe akauawa kule Kidwelly, mumewe alikuwa kaenda kaskazini kuomba msaada. Mi huyu mama ananigusa sana, anasahaulika bure. Basi Gruffydd akaungana na mashemeji zake, Owain na Cadwaladr wa Gwynedd, ufalme wa kaskazini mwa Wales, wakashuka Cardigan na hasira ya dada yao. Wanormani wakavunjwa pale kilimani, wakakimbilia daraja la mto Teifi wote kwa mpigo, na machuma yao mwilini, daraja likakatika, wengi wakazama, mto ukajaa maiti za watu na farasi. Mji ukachomwa, Wanormani wakabaki na ngome tu.